Fedha Hutoka Mbali, Mzazi Yuko Karibu

Nilipokuwa nikifundisha Misingi ya Elimu katika chuo cha ualimu, kulikuwa na mjadala mmoja ambao haukupitwa na mwaka. Niliandika ubaoni: "Mtoto hufaulu kwa sababu ya shule au kwa sababu ya nyumbani?" Kisha nikakaa pembeni. Wanachuo waligawanyika mara moja. Wa upande wa shule walisema: leteni fedha, vitabu, madawati na walimu, nasi tutawaonyesha watoto wanaofaulu. Wa upande wa nyumbani walijibu kwamba mzazi asiyejali, hata mwanawe ajengewe kasri la kusomea, atatoka mikono mitupu. Walibishana mpaka kengele ikalia, na baadhi yao waliendelea kubishana njiani wakielekea bwaloni.

Kipindi kilichofuata niliwasimulia habari za Marekani. Wengine walinung'unika, wakiuliza nchi ile tajiri inatuhusu nini sisi ambao chaki tunazikata vipande viwili. Niliwajibu kwamba kule swali letu lilijaribiwa kwa fedha nyingi, kwa miaka mingi, na mbele ya watu wengi walioandika walichokiona. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili sikuwaambia. Nitaieleza humu, kwa kuwa nimekwisha kustaafu na sina tena cheo cha kulinda.

Hapana budi kuanza na jambo linalomshangaza mgeni. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mahali pamoja. Shule ni kazi ya majimbo, na majimbo nayo kwa muda mrefu yaliziachia wilaya ndogondogo za shule, ambazo zilipata sehemu kubwa ya fedha zao kwa kutoza kodi nyumba na ardhi. Maana yake ni rahisi: penye majumba ya thamani pana shule ya thamani, na penye vibanda pana shule iliyo kama kibanda. Serikali ya shirikisho iliyoko Washington ilikaa kando. Kila ilipopendekezwa kwamba isaidie, jambo lilikwama katika hofu tatu. Wengine waliogopa kwamba Washington ingekuja kutawala shule zao. Wengine waligombania shule za madhehebu, kama zipewe fedha au zinyimwe. Na wazungu wengi wa majimbo ya Kusini waliogopa kwamba fedha zingekuja na amri ya kuwachanganya watoto weusi na weupe.

Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, hofu mpya ilizidi zile za zamani, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likatoa fedha za sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Kiswahili chetu nacho kilinufaika na fungu hilo la lugha katika vyuo vikuu vyao. Lakini mtoto maskini wa shule ya msingi alikuwa bado hajafikiriwa.

Mtu aliyevunja mkwamo huo alikuwa mwalimu. Lyndon Johnson alisoma katika chuo cha ualimu huko San Marcos, Texas. Mwaka 1928, kwa kukosa fedha, alisimamisha masomo akaenda kufundisha Cotulla, mji mdogo wa kusini mwa jimbo hilo, katika shule ya watoto wenye asili ya Mexico. Alikuwa bado mwanachuo, lakini huko walimpa kazi ya kufundisha na ya ualimu mkuu pamoja. Aliona watoto wakija darasani na njaa, na hakuwasahau. Miaka zaidi ya 35 baadaye, akiwa Rais, aliwataja mbele ya Bunge. Tarehe 11 Aprili 1965 alitia saini Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari, nje ya shule ndogo ya kijijini alikoanza kusoma yeye mwenyewe, na kando yake alikuwa ameketi bibi aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, Kate Deadrich Loney. Wanachuo wangu walipenda sana sehemu hii. Ni nadra mwalimu kuitwa kwenye sherehe ya kutia saini sheria.

Fungu la Kwanza la sheria ile ndilo lililobeba uzito wote. Lilitenga karibu dola bilioni 1 kwa mwaka, zigawiwe wilaya za shule kwa kadiri ya idadi ya watoto wa familia maskini. Zile hofu tatu zilipatiwa dawa: fedha zilimfuata mtoto maskini, wala hazikuifuata shule, na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilikuwa imekwisha kukataza fedha za shirikisho kwenda kwenye ubaguzi. Imani ya Johnson ilikuwa imani ya mwalimu mwema: mtoto huyu amepungukiwa, mwongezeeni, naye atawafikia wenzake.

Mmoja aliyeiunga mkono sheria hiyo alikuwa na shaka. Seneta Robert Kennedy wa New York aliuliza, kwa maneno mengine: mkizipa fedha shule zilezile ambazo miaka yote zimewadharau watoto hawa, mnajuaje kwamba zitawafikia? Akashikilia kwamba kila wilaya itoe taarifa ya tathmini, ili wazazi wapate kujua kama watoto wao wanajifunza. Kifungu hicho kiliingizwa. Ninakiona kuwa ndiyo mbegu ya yote yaliyofuata, kwa sababu kilikiri kwamba mlipaji aliyeko Washington hana macho ya kuona darasani, na kwamba mwenye macho hayo ni mzazi.

Mwaka uliofuata, 1966, ilitoka taarifa iliyowatikisa walimu wa nchi nyingi, hata sisi huku tuliisoma chuoni. Mwanasosholojia James Coleman na wenzake walikuwa wamewapima wanafunzi zaidi ya nusu milioni katika shule karibu 4,000. Walitazamia kukuta kwamba pengo la ufaulu linatokana na pengo la vifaa na majengo. Walichokuta ni kwamba tofauti za vifaa zilieleza kidogo tu, na hali ya nyumbani alikotoka mtoto ilieleza zaidi.

Ndugu msomaji, taarifa ile ilitumiwa vibaya, na bado inatumiwa vibaya. Wavivu kati yetu sisi walimu waliifurahia: kumbe kosa si letu, ni la nyumbani! Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini kusema kwamba nyumbani kuna uzito mkubwa si sawa na kusema kwamba shule haina uzito. Wala si sawa na kusema kwamba mzazi maskini hajali.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 1969 wanawake wawili, Ruby Martin na Phyllis McClure, walichapisha uchunguzi wao juu ya Fungu la Kwanza. Walikuta wilaya nyingi zikizitumia fedha za watoto maskini kama fedha za kawaida: kulipia gharama ambazo wilaya ilipaswa kulipa yenyewe, na kuwahudumia watoto ambao sheria haikuwalenga. Mahali pengine fedha mpya zilipoingia kwa mlango wa mbele, fedha za zamani zilitolewa kwa mlango wa nyuma. Na katika wilaya hizo nyingi mzazi hakuwa amepata hata kusikia kwamba kuna fedha zilizotumwa kwa jina la mwanawe.

Bunge likakaza masharti. Fedha za shirikisho ziongezee zile za wilaya, zisichukue nafasi yake. Kisha likawageukia wazazi. Mwaka 1974 liliamuru kila wilaya iliyopokea fedha, na kila shule, iwe na baraza la wazazi la ushauri. Mwaka 1978 likaongeza ufafanuzi juu ya uchaguzi wa wajumbe na mafunzo yao. Kwa mara ya kwanza mama aliyekuwa akifua nguo za watu aliweza kuketi mezani na mkuu wa elimu wa wilaya akauliza: fedha hizi mwaka jana mlinunulia nini?

Haikudumu. Mwaka 1981, chini ya Rais Reagan, masharti mengi ya Washington yalipunguzwa, na sharti la mabaraza likaondoka pamoja nayo. Mwaka 1988 sheria iliwarudisha wazazi, lakini mabaraza hayakurudi. Mwaka 1994 shule zilitakiwa kuandika mapatano na wazazi, kila upande ukisema utafanya nini, na wilaya iliyopokea zaidi ya dola 500,000 ikatakiwa kutenga angalau asilimia 1 kwa ajili ya kuwashirikisha. Sheria ya mwaka 2001, iliyosainiwa na Rais George W. Bush Januari 2002, ilisisitiza mitihani, na ikampa mzazi haki ya kupewa taarifa na ya kumhamisha mtoto kutoka shule iliyoshindwa. Sheria ya mwaka 2015 ikapanua neno, ikataja familia badala ya wazazi peke yao.

Nilipowachorea wanachuo mfululizo huo wa miaka ubaoni, niliwataka watazame jambo moja. Mwaka 1974 mzazi alipewa kiti. Mwaka 1994 alipewa karatasi ya kutia saini. Mwaka 2001 alipewa taarifa ya matokeo, na ruhusa ya kuondoka. Vyote huitwa ushirikishwaji. Lakini mwenye kiti huuliza, na mwenye karatasi huambiwa.

Sasa niwaendee wale wanachuo wa upande wa pili, waliosema kwamba mzazi akijali fedha si kitu. Hao niliwapeleka San Antonio, katika jimbo lilelile la Texas. Mtaa wa Edgewood ulikuwa wa watu maskini, wengi wao wenye asili ya Mexico. Mwezi Mei 1968 wanafunzi wa sekondari ya hapo waliandamana kutoka madarasani kulalamikia majengo mabovu na upungufu wa walimu wenye sifa. Wazazi wao hawakuwachapa. Waliunda chama, na mwezi Julai wakafungua kesi. Jina la kesi lilitokana na mmoja wao, Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya ndege za jeshi.

Hesabu zilizofikishwa mahakamani kwa mwaka wa shule wa 1967–68 ningependa kila mwalimu azijue. Wazazi wa Edgewood walijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kiwango cha juu kuliko wilaya zote za jirani. Wenzao matajiri wa Alamo Heights, katika jiji hilohilo, walijitoza senti 85. Edgewood walipata kutokana na kodi hiyo dola 26 kwa kila mtoto. Alamo Heights walipata dola 333. Jimbo liliongezea Edgewood dola 222 na Alamo Heights dola 225. Fedha za shirikisho, zile za Johnson, zilileta dola 108 kwa mtoto wa Edgewood na dola 36 kwa wa Alamo Heights. Jumla ikawa 356 kwa maskini na 594 kwa tajiri.

Nilikuwa nikinyamaza kidogo hapo. Nani kati ya wazazi hao alijali zaidi? Aliyejitoza zaidi ndiye aliyepata kidogo. Fedha za shirikisho zilipunguza pengo, hazikuliziba.

Tarehe 21 Machi 1973 mahakama ya juu kabisa ya nchi iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba Katiba yao haiwahakikishii watoto usawa wa fedha za shule. Miongoni mwa majaji waliopinga uamuzi huo alikuwa Thurgood Marshall, yule aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba. Wazazi wa Edgewood hawakukoma. Mwaka 1984 walirudi, safari hii katika mahakama za Texas yenyewe, na Rodriguez alikuwa tena miongoni mwao. Tarehe 2 Oktoba 1989 mahakama kuu ya jimbo hilo, majaji wote kwa sauti moja, iliwapa haki. Ilikuwa imepita miaka 21. Watoto walioandamana walikuwa wamekuwa wazazi.

Mfano wa mwisho niliowapa ulikuwa wa mji wa New Haven, huko Connecticut. Mwaka 1968 daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Yale, James Comer, alianza kazi katika shule mbili za msingi zilizokuwa mkiani kati ya shule 33 za mji huo. Karibu wanafunzi wote walikuwa weusi na maskini. Comer aliifahamu hali hiyo kwa ndani. Mama yake, Maggie, alisoma chini ya miaka miwili, akafanya kazi za ndani katika nyumba za watu, na watoto wake watano kwa jumla walipata shahada 13.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vurugu, na wazazi walikuja wakiwa na hasira. Comer hakuwafungia lango. Aliunda kamati ya kuongoza shule yenye mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wataalamu wa malezi, akaweka kanuni tatu: tusilaumiane, tutafute suluhisho, tusipige kura, tukubaliane, na mwalimu mkuu asiburuzwe wala asiburuze. Wazazi walianza kwa kuandaa sherehe za shule, wakaendelea hadi kusaidia madarasani, na baadhi wakafika kwenye kamati. Utoro ulipungua, ugomvi ukapungua. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, shule za mradi huo zilikuwa zimepanda kutoka mkiani hadi kuwa karibu na kilele cha mji katika mitihani ya darasa la nne. Umaskini wa mtaa haukuwa umekwisha.

Na sasa ile sababu ya pili.

Miaka ya 1980, kabla sijahamia chuoni, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Siku moja niliitisha mkutano wa wazazi chini ya mwembe wa shule. Ajenda ilikuwa moja, michango ya madawati. Niliwasomea majina ya waliolipa na wasiolipa, kama tulivyozoea. Mama mmoja, muuza vitumbua, alisimama. Alikuwa miongoni mwa waliolipa.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "dawati nimelipa. Ninachoomba kujua ni kwa nini mwanangu yuko darasa la nne na hawezi kusoma jina lake."

Nilijua jibu. Mwalimu wa darasa lile la awali alikuwa mgonjwa kwa zaidi ya mwaka, na mimi, badala ya kutafuta njia, niliwaunganisha watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja nikaandika katika taarifa zangu kwamba masomo yanaendelea. Nilichomjibu ni hiki: "Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu. Tuachie sisi. Leo tunazungumzia madawati." Baadhi ya watu walicheka. Yeye alikaa chini, akajifunika kanga vizuri. Hakuja tena mkutanoni muda wote niliokuwa pale, na katika taarifa yangu ya mwaka niliandika kwamba mwitikio wa wazazi ni hafifu.

Madawati yalitengenezwa. Yule mtoto alimaliza darasa la saba akiketi juu ya dawati zuri.

Nimeandika hayo kwa sababu nchi yetu nayo imeyapitia ya kwake. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, ukaja mpango wa MMEM mwaka 2002 na ruzuku iliyohesabiwa kwa kila mwanafunzi, na tangu Januari 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne. Ninaunga mkono kwa moyo wote. Niliwafukuza watoto wengi kwa ajili ya ada na michango, nami najua walikokwenda. Lakini nimewasikia wazazi wakisema, "Siku hizi serikali ndiyo inasomesha," kana kwamba wameondolewa kazini. Na nimewasikia walimu wakisema kwamba wazazi wamejitoa. Huwa najiuliza: tulipowataka, tuliwataka kwa ajili ya nini? Ikiwa kwa miaka mingi tulimwita mzazi aje na fedha tu, siku fedha zilipoanza kutoka kwingine tumempa sababu gani ya kuja?

Wanachuo wangu hawakupata mshindi wa mjadala, na sikuwapa. Edgewood inatuonyesha kwamba uchungu wa mzazi haununui vitabu ambavyo kodi yake haiwezi kununua. Hapo serikali haina budi kuja, na kuja na vya kutosha. Taarifa ya mwaka 1969 inatuonyesha kwamba fedha zilizotumwa kutoka mbali hupotea njiani ikiwa mwenye mtoto hana ruhusa ya kuziulizia. Yote mawili yanamhusu mwalimu mkuu, kwa maana yeye ndiye aliyeshika lango ambalo fedha na mzazi hupitia.

Kila nilipokwisha kusimulia, niliwapa wanachuo zoezi moja la kwenda nalo kwenye mazoezi ya kufundisha. Waliponiuliza nimelitoa kitabu gani, nilisema nimelitunga. Zoezi lilikuwa hili: mzazi mmoja anasimama mkutanoni kukuuliza kwa nini mwanawe hajui kusoma. Andika utakachomjibu, kisha andika utakachofanya kesho yake asubuhi.

Nilisahihisha mamia ya majibu hayo. Mengi yalikuwa bora kuliko langu.